Kuunganisha Mpira wa Kubadilishia Maji ya Tangi la Samaki kwenye Bomba la Nyumbani

Tangi la lita 200 likibadilishiwa asilimia 30 ya maji kila wiki, ni lita 60 za kutoa na lita 60 za kurudisha. Kwa ndoo ya lita 10 hizo ni safari kumi na mbili, na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, utakuwa umebeba kilo 120 kabla hujapangusa sakafu. Wafugaji wengi huchokea hapo. Wiki ya kwanza wanabeba, ya pili wanabeba, ya tatu wanasema kesho, na hiyo kesho inawaangukia samaki, kwa sababu naitreti, taka inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula, inaendelea kupanda kwenye maji yasiyoguswa. Mimi nilibeba ndoo miaka mingi hadi mgongo ukakataa, ndipo nikahamia kwenye mpira unaofungwa kwenye bomba. Tangu hapo sijaruka wiki hata moja.

Hata hivyo nimeona watu wakinunua kifaa hiki, wakakitumia mara mbili, wakakitupa stoo. Ukiwauliza, karibu wote wanakwambia jambo lilelile: kinavuja, au kimekataa kushika kwenye bomba. Tangi halina kosa, wala mpira wenyewe. Shida iko kwenye zile sentimita chache ambapo mpira unakutana na bomba, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu itakaa hapo.

Kifaa kinavyofanya kazi

Seti ya kawaida ina vitu vinne: kiunganishi cha kufungia kwenye bomba, pampu ndogo ya plastiki isiyo na mota, mpira mrefu, na mrija mpana wa kufyonzea uchafu kwenye changarawe, ambao mara nyingi huja na koki yake ndogo.

Ile pampu isiyo na mota inafaa uielewe. Ndani yake njia ya maji imebanwa. Maji yakifika kwenye wembamba yanaongeza kasi na msukumo wake unashuka, na pale msukumo uliposhuka ndipo maji ya kwenye mpira yanapovutwa kuingia. Kanuni hiyo inaitwa venturi, kwa jina la mwanafizikia wa Italia, Giovanni Battista Venturi, aliyeishi kati ya 1746 na 1822. Kitako cha pampu kikiwa wazi, maji ya bomba yanashuka moja kwa moja kwenye sinki huku yakiyavuta ya tangi. Ukikifunga kitako, maji ya bomba hayana pa kwenda ila kwenye mpira, na tangi linaanza kujaa.

Ukiijua kanuni hii utaelewa mambo mawili ambayo maelezo ya kwenye boksi huyapitia haraka. Kwanza, pampu hii inahitaji bomba lenye nguvu. Kila mita moja ya kimo cha maji inatoa msukumo wa takriban baa 0.1, kwa hiyo nyumba inayopata maji kutoka tangi lililowekwa mita nne juu ya bomba ina baa 0.4 tu. Kwa msukumo huo venturi itavuta kivivu au isivute kabisa. Kujaza kutawezekana, kwa mwendo wa pole, ila usitegemee kunyonya. Pili, wakati wa kunyonya unamwaga maji safi ili kutoa maji machafu. Bomba linalotoa lita 8 kwa dakika, likifunguliwa dakika kumi kunyonya lita 60, limepeleka lita 80 za maji safi kwenye sinki. Hayo ni mengi kuliko hata yale uliyokusudia kuyarudisha tangini.

Kwa sababu hiyo nina msimamo: bomba ni la kujazia. Kutoa maji iachie kazi hiyo mteremko, kama una mahali popote pa chini pa kuyapeleka. Nitaeleza namna yake mbele.

Soma mdomo wa bomba kabla ya kununua chochote

Tafuta bomba lililo karibu na tangi, kisha utazame mdomo wake. Mabomba mengi ya jikoni na ya bafuni yana kipande kidogo chenye wavu mwishoni, kinachochanganya maji na hewa. Hicho ni eareta. Kifungue kwa mkono, ukigeuza kinyume cha saa ukiwa unakitazama kutoka chini. Kikigoma, kifunge kitambaa ndipo ukishike kwa plaizi, la sivyo meno yataikwangua rangi ya bomba. Kama chumvi ya maji imekigandisha, funga kifuko chenye siki kuzunguka mdomo kwa saa moja, kisha ujaribu tena.

Sasa angalia hesi, yaani yale meno ya mzunguko, ziko upande gani. Mafundi husema dume na jike: hesi zikiwa nje ni dume, zikiwa ndani ni jike. Kama mdomo wa bomba lako ni dume, unahitaji kiunganishi jike. Kama ni jike, unahitaji dume. Linasikika jambo dogo, lakini nusu ya safari za kurudi dukani zinaanzia hapa.

Kisha pima kipenyo kwa rula, kwa milimita. Kwenye mabomba yanayofuata vipimo vya Ulaya, mdomo dume huwa na kipenyo cha milimita 22, na mdomo jike hupokea eareta ya milimita 24. Zote mbili zina hesi laini, zenye umbali wa milimita moja kati ya jino na jino, na zimeandikwa M22x1 na M24x1. Marekani wana vyao: inchi 55/64 kwa mdomo dume na inchi 15/16 kwa mdomo jike, zenye meno 27 kwa inchi. Ukibadilisha kuwa milimita unapata takriban 21.8 na 23.8. Unaona hatari ilipo: M24 na 15/16 zinakaribiana mno. Ukilazimisha moja kwenye nyingine itaingia mzunguko mmoja au miwili, utaona imeshika, halafu maji yakifunguliwa kwa nguvu inachomoka au inakula meno ya bomba. Mdomo wa bomba ukishaharibika meno hautengenezeki kirahisi.

Njia ya uhakika kuliko rula ni kwenda dukani na eareta yenyewe mfukoni. Kiunganishi unachokitaka lazima kiwe na hesi zilezile za eareta yako, kwa sababu kinakwenda kukaa mahali pake. Muombe muuzaji akupe bomba au kipande cha kufanyia jaribio, uzungushe kwa vidole. Hesi zinazolingana huingia kwa ulaini mizunguko mitatu au minne bila kukaza mkono. Zikianza kukataa kwenye mzunguko wa pili, hizo siyo.

Mabomba ya nje, ya bustani, na yale ya mashine ya kufulia ni rahisi zaidi. Hayana eareta, hesi zake ni nene na zinaonekana wazi. Sehemu nyingi za dunia hutumia robo tatu inchi ya vipimo vya Uingereza, yenye meno 14 kwa inchi na kipenyo cha nje cha milimita 26 na nusu hivi. Seti nyingi za kubadilishia maji, hata hivyo, zimetengenezwa kwa mpira wa bustani wa Kimarekani, ambao nao unaitwa robo tatu lakini una meno 11 na nusu kwa inchi. Majina yanafanana, meno hayafanani. Ukiona maandishi ya robo tatu kwenye boksi, usiridhike. Hesabu meno, au uliza kama kuna adapta ya kutoka kipimo kimoja kwenda kingine. Zipo, na ya shaba nyeupe au ya njano inadumu kuliko ya plastiki.

Kuna bomba moja ambalo watu hulisahau, nami nalipenda kuliko yote: shawa ya mkono. Mpira wa shawa ya mkono kwa kawaida unafungwa kwa hesi za nusu inchi, na kipimo hicho kimeenea sana. Ukifungua kile kichwa cha kunyunyizia na kuweka adapta ya nusu inchi, unapata maji ambayo tayari yamechanganywa moto na baridi, karibu na tundu la sakafuni linaloweza kupokea uchafu wako. Kwa tangi lililo karibu na bafu sioni sababu ya kuhangaika na bomba la jikoni.

Bomba lisilo na hesi, na mabomba ya kuachana nayo

Mabomba mengine mdomo wake ni laini mtupu. Kwa hayo kuna viunganishi vya mpira vinavyovalishwa juu ya mdomo na kukazwa kwa klipu ya chuma yenye parafujo. Vinafaa kwa kujaza polepole huku umesimama hapo hapo. Kwa venturi, au kwa mpira wenye koki inayoweza kufungwa upande wa tangi, sivikubali: msukumo ukipanda vinateleza.

Kama hilo ndilo bomba pekee ulilonalo, mwite fundi bomba aweke tii, yaani kiungo cha njia tatu, kwenye koki ya maji baridi chini ya sinki, na koki ya pili yenye mdomo dume wa robo tatu. Ni kazi ndogo kwa anayeijua, na baada ya hapo hutagusa tena bomba la juu.

Usiunganishe kabisa kwenye bomba la jikoni lenye kichwa cha kuvuta. Ndani yake kuna mpira mwembamba uliotengenezwa kwa maji yanayopita, haukutengenezwa kubeba msukumo wa maji yaliyozibwa mbele. Ukipasuka, unapasuka ndani ya kabati, na utajua baada ya mbao kuvimba. Mabomba ya kujifungua kwa kuhisi mkono nayo waachie wenyewe. Yanajifunga katikati ya kazi. Maji yanayopita kwenye mtambo wa kulainisha maji kwa chumvi pia hayafai kwa matangi mengi, hasa yenye mimea, kwa sababu mtambo huo unaondoa kalisiamu na magnesiamu na kuweka sodiamu.

Mpira wenyewe

Pima urefu kwa kufuata ukuta na kona, sio kwa kukata njia ya mkato katikati ya chumba, kisha ongeza mita mbili. Usinunue mrefu kupita hapo, maana kila mita inakula nguvu ya maji. Chagua mpira uliotengenezwa kwa maji ya kunywa. Mipira mingine ya bustani huachia kemikali kwenye maji, hasa ikilala na maji juani, na harufu kali ya plastiki ni dalili ya kutosha kuukataa. Mpira uliowahi kubeba sabuni au dawa ya wadudu usiuguse tena kwa kazi hii, hata ukiuosha mara kumi.

Kufunga, hatua kwa hatua

Hakikisha bomba limefungwa na mdomo wake ni mkavu. Ondoa eareta pamoja na washa yake, yaani kile kipete laini cha kuzibia maji. Mara nyingi washa hubaki imeng'ang'ania juu ndani ya mdomo, na ukiweka kiunganishi juu yake washa mbili zitagombana na maji yatavuja. Ingiza kidole uhakikishe.

Weka washa mpya ndani ya kiunganishi, ikae bapa. Kiunganishi kinachobana kwa washa hakihitaji tepu. Ile tepu nyeupe ya mafundi ni ya hesi zinazozibana zenyewe kwa zenyewe, kwa mfano nipeli ya chuma, kipande kifupi chenye hesi nje, inayoingia kwenye soketi yenye hesi ndani. Hapo ndipo unapoizungusha mara tatu hadi tano, kwa uelekeo wa mishale ya saa ukiwa unatazama mwisho wa hesi, ili kukaza kusiifungue. Watu huongeza tepu kila wanapoona tone. Kwenye plastiki tepu nyingi inatanua jike hadi linapasuka, kwa hiyo ukiona tone pale penye washa, badilisha washa.

Anza kuzungusha kinyume cha saa kwanza, taratibu, mpaka usikie kijimlio kidogo cha meno kukaa kwenye nafasi yake. Kisha geuza kufuata saa. Ujanja huu mdogo unazuia hesi kupandana, na ndio unaotenganisha kiunganishi kinachodumu miaka na kile kinachokufa mwezi wa kwanza. Kaza kwa mkono hadi mwisho. Kwa shaba unaweza kuongeza robo mzunguko kwa spana ukiwa umekinga kwa kitambaa. Kwa plastiki mkono unatosha.

Kama utabadilisha maji kila wiki, iache ile adapta ya shaba kwenye bomba na uwe unafungua ile ya plastiki tu inayoshika juu yake. Hesi za bomba lako hazitachakaa kwa kufunguliwa na kufungwa kila mara.

Halafu pampu, halafu mpira. Mpira unaovalishwa kwenye chuchu yenye mikunjo, ile ncha ya kiunganishi inayoingia ndani ya mpira, uuchovye kwenye maji moto nusu dakika. Utalainika, utaingia wote, na ukipoa utabana. Kaza klipu.

Jaribu kabla ya kukaribia tangi

Weka mwisho wa mpira kwenye ndoo. Fungua bomba robo, kisha nusu, kisha mahali utakapokuwa unatumia. Zungushia kila kiungo karatasi laini ya kujipangusia. Karatasi inaonyesha unyevu ambao jicho halijauona. Kisha funga koki ya mwisho wa mpira kwa nusu dakika uone viungo vinavyofanya pale maji yanapozibwa. Huo ndio wakati mgumu kuliko wote kwa kiunganishi, kwa sababu nguvu yote ya bomba inakisukuma.

Kisha fungua koki, uache maji yapite dakika kumi nzima. Mimi mara ya kwanza nilijaribu kwa sekunde chache, nikaridhika, nikaenda kusimama kwenye tangi chumba cha pili. Kiunganishi kiliteleza taratibu, na nilipokwenda kuona maji yalikuwa yamevuka mlango wa jikoni. Hesi zilikuwa za 15/16 juu ya mdomo wa milimita 24. Hivyo ndivyo nilivyojifunza tofauti niliyokueleza hapo juu.

Ukiwa bado kwenye ndoo, pima kasi. Ndoo ya lita 10 ikijaa kwa sekunde 75, bomba lako linatoa lita 8 kwa dakika, na lita 60 zitahitaji dakika saba na nusu. Andika namba hiyo na uibandike karibu na tangi. Ukijaza, tega kengele ya simu ilie dakika moja kabla.

Kutoa maji

Chomoa hita na pampu ya kichujio kwenye umeme kwanza. Hita inayobaki nje ya maji ikiwaka inaweza kupasuka kioo. Angalia pia nyaya zote ziwe zimening'inia chini ya soketi kabla ya kupanda kuifikia, ili tone linalofuata waya lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme.

Kama una tundu la sakafuni, bustani au karo lililo chini ya kiwango cha maji ya tangi, huhitaji venturi. Funga mpira kwenye bomba, ujaze maji mpaka hewa yote itoke upande wa tangi huku mrija ukiwa ndani ya maji, funga koki ya mrija, funga bomba, uchomoe mpira kutoka kwenye bomba na uushushe mahali pa chini. Fungua koki ya mrija: maji yatateremka yenyewe bila kupoteza tone la maji safi. Zile lita chache za maji ya bomba zilizoingia tangini wakati wa kujaza mpira zina klorini, kwa hiyo fanya hivi baada ya kuweka dawa ya kuondoa klorini, nitakayoieleza mbele, au jazia mpira ukiwa kwenye ndoo. Maji haya yaliyotoka ni mbolea nzuri kwa mimea kama tangi ni la maji baridi yasiyo na chumvi wala dawa za tiba.

Usivute kwa mdomo. Maji ya tangi yanaweza kuwa na bakteria wa salmonela, na kuna mwingine aitwaye Mycobacterium marinum anayeingia kwenye ngozi kupitia mchubuko na kusababisha vidonda vinavyochelewa kupona. Kama una jeraha mkononi, vaa glavu.

Pale ambapo hakuna mteremko, tumia venturi, na ujitahidi usikawie. Fungua bomba lote, kwa sababu bomba lililofunguliwa nusu linamwaga maji bila kuvuta vizuri. Ingiza mrija kwenye changarawe, uinue kidogo changarawe ipande na kushuka, uchafu upite, kisha sogea. Kwenye mchanga laini ushike mrija kidole kimoja juu yake usiunyonye mchanga. Weka alama ya tepu kwenye kioo, pale maji yatakapofika, kabla hujaanza. Ukiwa umeinama unaangalia uchafu, kiwango kinashuka kuliko unavyodhani.

Kurudisha maji

Hapa ndipo samaki wanapoumizwa na mtu aliyekusudia kuwatunza, kwa hiyo nenda polepole.

Anza na joto. Weka kipimajoto chini ya maji ya bomba, urekebishe moto na baridi hadi tofauti na tangi iwe nyuzi moja au mbili za Selsiasi. Kama una bomba la baridi tu, piga hesabu. Tangi la lita 200 lenye nyuzi 26, ukitoa lita 40 na kurudisha lita 40 za nyuzi 18, litashuka hadi nyuzi 24.4, jambo ambalo samaki wengi wazima watalivumilia likifanyika taratibu. Ukibadilisha lita 100 kwa maji hayohayo, litashuka hadi 22. Usifanye hivyo. Kwa bomba la baridi badilisha kidogo na mara nyingi zaidi.

Mwaga kwanza maji yaliyolala kwenye paipu usiku kucha, yaende dakika moja au mbili. Paipu na viungo vya shaba huachia shaba kidogo kwenye maji yaliyosimama, hasa ya moto, na kamba na konokono wa tangi hawaivumilii hata kidogo.

Kisha dawa ya kuondoa klorini. Maji ya bomba yanawekewa klorini ili yasituue sisi. Marekani kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni miligramu 4 kwa lita, na Shirika la Afya Duniani limeweka miligramu 5. Samaki huunguzwa matamvua kwa kiasi kidogo sana kuliko hicho. Ukijaza kwa ndoo unaweka dawa kwa kipimo cha ndoo. Ukijaza kwa mpira moja kwa moja, unaweka kipimo cha tangi zima, kabla maji hayajaanza kuingia, kwa sababu maji mabichi yanakutana na samaki papo hapo. Hili watu hulikosea kila siku: wanatia dawa ya lita 60 kwenye tangi la lita 200.

Dawa nyepesi ya sodiamu thiosalfeti inaondoa klorini haraka. Lakini mamlaka nyingine za maji hutumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, ambayo haitoki kwa kuacha maji yalale, na ikivunjwa inaacha amonia. Uliza wanaokuletea maji wanatumia nini, na kama ni kloramini nunua dawa iliyoandikwa kwamba inashughulikia na amonia pia.

Sasa funga kitako cha pampu na ufungue bomba kiasi, sio lote. Elekeza maji kwenye sahani au kiganja chako ili yasichimbe changarawe wala kung'oa mimea.

Na mwisho wa mpira ubaki juu ya maji. Hili naomba ulishike kuliko yote. Kama mwisho umezama na msukumo wa maji mtaani ukaanguka ghafla, kwa paipu kupasuka au pampu kuzimika, maji ya tangi yanaweza kuvutwa kurudi kwenye mabomba ya nyumba, yale ambayo mtoto atakinga kikombe baadaye. Nafasi ya hewa kati ya mdomo wa mpira na maji ndiyo kinga ya uhakika: iwe angalau mara mbili ya kipenyo cha mpira, na isipungue milimita 25. Bana mpira kwenye ukingo wa tangi kwa klipu ili usitumbukie. Kwa bomba la kudumu chini ya sinki, fundi akuwekee pia valvu ya kuzuia maji kurudi. Sehemu nyingi sheria za mabomba zinaidai.

Usiondoke. Usipokee simu, usiende mlangoni. Kiwango kikifika, funga bomba kwanza, kisha koki ya mrija; ukianza na koki, msukumo wote unabaki umefungiwa ndani ya mpira na viungo vyake. Toa mpira nje ya tangi kabla ya kufungua kitako cha pampu, la sivyo, mwisho wake ukitumbukia, maji uliyorudisha yataanza kuteremka tena kwenye sinki.

Tangi la maji ya bahari halijazwi hivi. Chumvi lazima ichanganywe na kupimwa kwenye pipa kwanza, takriban gramu 35 kwa lita, kisha maji yaingizwe kwa pampu ndogo. Kwa tangi hilo mpira wa bomba una kazi mbili tu: kutoa maji, na kujaza pipa.

Pakiwa na tatizo

Tone linalotoka juu ya kiunganishi ni washa: imechoka, imekaa upande, au ziko mbili. Maji yanayoruka pembeni kama sindano ni hesi zilizopandana. Fungua yote na uanze upya, usikaze zaidi. Kiunganishi kinachochomoka chenyewe ni kipimo kisicho chake.

Pampu ikijaza vizuri lakini hainyonyi, angalia kama bomba limefunguliwa lote, kama mpira umejikunja mahali, kama mrija umetoa kichwa nje ya maji na kuingiza hewa. Kama vyote viko sawa, funga mwisho wa mpira kwa dole gumba ukiwa kwenye hali ya kunyonya. Usipohisi mvuto, bomba lako halina nguvu ya kutosha, na hakuna kiunganishi kitakachobadilisha hilo.

Baada ya kazi washa hita na kichujio tena, na uhakikishe kichujio kinasukuma maji kweli, kwani mara nyingi huwa kimemeza hewa. Mwaga maji yote ya mpira, uuning'inize kivulini ukiwa na mikunjo mipana. Rudisha eareta na washa yake kwenye bomba, ukiwa umeisugua wavu kwa mswaki wa zamani, kisha baada ya nusu saa rudi utazame samaki: wakipumua kwa kasi juu juu au wakijikwaruza kwenye mawe, ongeza dawa ya kuondoa klorini, na hewa pia, mara moja.